Dume la Mzee Lomayani

Mwaka 2002, wakati mashamba ya mkonge ya Korogwe yalipokuwa yakibadilisha wenyewe kama soksi za bwenini, elimu ya kutengeneza kurasa za mtandao iliingia mjini kwa heshima zote. Mtandao wenyewe ulikuwa bado haujafika chuoni, lakini hilo halikumzuia mtu.

Mzee Kasmiri alikuwa nyapara wa shamba kwa miaka ishirini na saba. Alipunguzwa kazini siku ya Jumatano, na kabla mwaka haujaisha akawa Mkurugenzi wa chuo chake mwenyewe. Alipanga jengo la zamani la makarani wa shamba, akanunua kompyuta sita zilizokwisha kuchokwa na watu wa nchi tatu, kisha akasimamisha bango barabarani: Uhazili, Hesabu, Kiingereza na Kompyuta Pamoja na Mtandao. Neno "Pamoja" alilipaka rangi nyekundu.

Aliyekabidhiwa hiyo "pamoja" alikuwa Mwalimu Yuditha, binti wa Lutindi, umri miaka ishirini na minne, mwenye cheti cha wiki sita kutoka Moshi. Cheti kilikuwa halali. Kasoro ilikuwa kwenye zile wiki sita. Kila Jumatatu mkufunzi aliwaambia kwamba laini ya simu itaunganishwa wiki hiyo, na kila Ijumaa akasema wiki ijayo. Basi Yuditha alijifunza kurasa za mtandao kama mtu anayejifunza kukamua ng'ombe kwa kuandika notsi. Mtandao wenyewe hakuwahi kuuona kwa macho yake. Siri hiyo hakumwambia mtu, hata mama yake, ambaye alikuwa akiwatangazia wenzake kanisani kwamba binti yake anafundisha dunia nzima.

Wanachuo walikuwa ishirini na wawili, kompyuta sita, kwa hiyo somo lilianzia kwenye chaki. Yuditha aliandika ukurasa mzima ubaoni, kutoka mabano ya kwanza mpaka ya mwisho, wanachuo wakanakili kwenye kaunta buku, halafu wakaingia kwenye mashine wanne wanne na kuandika kile kile.

"Ukibadilisha hata nukta," aliwaonya siku ya kwanza, "utapata ukurasa mweupe."

Waliogopa ukurasa mweupe kuliko malaria. Walikuwa wamekaa shuleni miaka kumi na zaidi, na shule ilikuwa imewafundisha jambo moja vizuri sana: kilichoko ubaoni ndicho sahihi. Kwenye kona ya ubao, kama ilivyo desturi, kiranja wa zamu aliandika tarehe, waliosajiliwa 22, waliopo 21, asiyekuwepo 1. Yuditha aliposahihisha zoezi la kwanza alikuta kurasa zote ishirini na mbili zinamalizikia na maneno "asiyekuwepo 1", pamoja na ukurasa wa huyo huyo asiyekuwepo, aliyenakili kwa jirani yake jioni.

Walipofika kwenye somo la picha, aliandika ubaoni anwani kamili ya mahali picha zilipohifadhiwa kwenye kila kompyuta ya chuo: C:\PICHA\picha1.jpg. Ilifanya kazi kwenye mashine zote sita, na katika dunia ya Yuditha hapakuwa na mashine ya saba.

Mwezi wa nane Mzee Kasmiri alimwita ofisini. Hakumkaribisha kiti.

"Mwalimu, vijana wanatoka kwako wanajua kuandika mabano."

"Ndiyo, Mkurugenzi."

"Mabano nitayapeleka soko gani?"

Mzee Kasmiri akavua kofia yake ya pama, akaipuliza vumbi, akaivaa tena. Kofia hiyo aliivaa tangu enzi za shamba, na wanachuo waliamini kwamba hulala nayo. Akaeleza kwamba chama cha wafugaji wa Mazingara, huko Handeni, kimehamisha siku ya mnada wake, na wanunuzi wa Dar es Salaam bado wanakuja siku ya zamani na kukuta uwanja una mbuzi wawili. Yeye amewaambia kwamba chuo chake kinaweza kuweka mnada wao kwenye mtandao, na madume yao pamoja na picha. Wazee wamejibu kwamba wataona kwanza.

"Alhamisi ya wiki ya tatu tunakwenda kuwaonyesha. Wakikubali, somo lako linaendelea. Wakikataa, kompyuta zote zinakwenda kwa uhazili." Akafunga daftari lake. "Na mimi na wewe tutaagana vizuri."

Hakuna maneno yanayotisha katika ajira za watu binafsi kama "tutaagana vizuri". Yuditha alitoka akiwa ameshikilia kipande cha chaki mpaka kikavunjika mkononi.

Kazi ilifanyika. Wanachuo wawili walikwenda Mazingara na kamera, wakapiga picha madume sita, wakazisafisha studio, wakaziingiza kwenye kompyuta kwa skana. Dume la kwanza lilikuwa la mwenyekiti wa chama, Mzee Lomayani. Kila mwanachuo akatengeneza ukurasa wake, na Yuditha akachagua kurasa tatu bora, kila mmoja kwenye disketi yake. Uliokuwa bora kuliko zote ulikuwa wa Nasinkoi, binti wa Kimaasai wa huko huko Mazingara, msichana mkimya ambaye mwandiko wake ulinyooka kama uzio. Ukurasa huo ulikuwa na siku ya mnada, njia ya kufika kutoka Mkata, na picha sita zimepangwa safu mbili.

Yuditha aliomba kompyuta moja wapande nayo gari. Mzee Kasmiri alimtazama kama aliyeombwa figo.

"Kompyuta zangu hazipandi pikapu. Kule kuna ofisi ya mradi wa maji ya mifugo, wana kompyuta yao na jenereta. Si umesema kila kitu kiko kwenye disketi?"

"Ndiyo, Mkurugenzi," alijibu Yuditha, na aliamini hivyo.

Alhamisi ilipofika waliondoka Korogwe alfajiri, Yuditha mbele na Mkurugenzi, Nasinkoi na mwanachuo mwenzake Sufiani nyuma. Nasinkoi alikwenda ili atafsiri Kimaasai. Sufiani alikwenda kwa sababu ni mtoto wa Mkata na anaijua njia ya gari ya kuingilia Mazingara. Kwa tabia yake asingepelekwa hata kisimani. Huyu ndiye aliyewahi kubadilisha saa za kompyuta zote sita ili kipindi cha hesabu kiishe kabla hakijaanza. Yuditha alizifunga disketi kwenye kanga, akazipakata njia nzima, na kila pikapu liliporuka shimo aliomba sala fupi.

Saa nane mchana walikuwa ndani ya ofisi ya mradi, chumba kimoja chenye bati lililokuwa likilia kwa joto. Wazee tisa walikaa kwenye mabenchi, fimbo zimelala magotini. Nasinkoi aliinamisha kichwa mbele ya kila mmoja, akaguswa utosini. Sufiani na Yuditha walimwaga shikamoo mpaka zikaisha. Mzee Lomayani, mwembamba, mrefu, masikio marefu yenye shanga, alikaa katikati. Hakujua kusoma wala kuandika, na wenzake wengi vivyo hivyo, lakini walikuwa wamekuja kuangalia ng'ombe, na kwa kazi hiyo hawakuhitaji shule ya mtu.

Karani wa mradi, Muhidini, mkulima Mzigua mwenye shamba la mihogo nyuma ya ofisi, alivuta kamba ya jenereta mara nne. Ikakohoa, ikawaka.

"Mmeniletea petroli nusu dumu," alimwambia Mzee Kasmiri. "Hiyo ni ya saa moja. Ikizidi hapo ni neema ya Mungu."

"Inatosha," alisema Mzee Kasmiri. "Mwalimu, anza."

Yuditha aliingiza disketi ya Nasinkoi. Mashine ikanguruma, ikafikiri, ikafungua ukurasa. Kichwa cha habari kikaja, kijani, kizuri. Siku ya mnada ikaja. Chini yake, palipotakiwa kuwa na madume sita, vikaja visanduku sita vyeupe, na katika kila kisanduku alama ndogo nyekundu ya X.

Alifunga ukurasa. Akafungua tena. Visanduku sita.

"Inachelewa kidogo," alisema, na sauti yake ikamsaliti.

Akatoa disketi hiyo, akaweka ya pili. Visanduku sita. Ya tatu. Visanduku sita, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, "asiyekuwepo 1".

Mzee Lomayani aliinuka, akasogea mpaka pumzi yake ikagusa kioo. Akasema maneno machache kwa Kimaasai. Nasinkoi alitazama miguu yake.

"Anasemaje?" aliuliza Mzee Kasmiri.

"Anauliza dume lake liko wapi."

"Mwambie linakuja."

Akamwambia. Mzee akaonyesha kisanduku cha kwanza kwa kidole na kuongea zaidi. Benchi likaguna.

"Anasema hapa mmeweka alama nyekundu. Anauliza kama limekufa. Kwa sababu yeye ameliacha malishoni asubuhi, na kama kuna mtu anajua habari zake, aseme."

Yuditha aliona jasho likimdondokea kwenye vidole. Alifungua ukurasa kwa ndani, kule kwenye mabano, akasoma mstari wa picha. C:\PICHA\dume1.jpg. Akausoma mara ya pili, na hapo akaelewa. Ukurasa ulikuwa ukifanya kile hasa alichoufundisha: ulikuwa unakwenda kutafuta kabati liitwalo PICHA ndani ya mashine hii. Kabati hilo lilikuwa Korogwe. Lilikuwa ndani ya mashine sita, zimefunikwa vitambaa, na mlango una kufuli. Kwenye disketi zake tatu, alizozipakata kama mtoto mchanga, hapakuwa na picha hata moja. Hakuna aliyeziweka, kwa sababu ubaoni hakuandika kwamba ziwekwe.

Ishirini na wawili walikuwa wamemwamini mpaka nukta ya mwisho.

"Kuna tatizo, Mwalimu?" Mzee Kasmiri hakugeuza shingo. Aliuliza akiwatazama wazee, akitabasamu.

"Mashine inafikiri, Mkurugenzi."

"Inafikiri kwa petroli yangu."

Yuditha akainama kama anayetafuta waya chini ya meza. Sufiani akainama naye, kwa kuwa hakuna jambo la chini ya meza lililowahi kumpita.

"Madam," alinong'ona. "Picha zote sita ninazo."

"Wapi?"

"Kwenye disketi yangu. Mfukoni. Lakini kwanza uniahidi hutakasirika."

"Sufiani, nitakasirika baadaye. Zimefikaje huko?"

"Nilitengeneza ukurasa wangu binafsi. Picha nikaziweka pamoja nao humo humo, halafu kwenye mabano nikaandika jina la picha tu, bila C. Unafunguka popote. Nimeujaribu hata kule dukani kwa wapiga chapa."

"Ubaoni niliandika nini?"

"Uliandika C, Madam. Lakini ningeziweka C mngeziona."

Yuditha alichukua disketi, akaiingiza, na kabla ya kufungua kitu aligeuza kioo cha kompyuta upande wa ukuta, akisingizia mwanga. Alifungua ukurasa wa Sufiani kwa maandishi matupu. Ulisomeka hivi:

ANAUZWA. Dume Kasmiri. Umri: anaficha. Rangi: kahawia, na uwanja wa mpira katikati ya pembe. Kazi anayoijua: kukagua. Chakula: wali wa wageni. Hasogei bila mjeledi.

Chini yake ulifuata mtamba Yuditha: mgeni zizini, mpole, hulia chaki zikiisha. Na walimu wengine wanne, kila mmoja na bei ya maelewano.

Wakati mwingine wowote angemfukuza darasani kwa wiki nzima, na labda angecheka akifika nyumbani. Sasa aliufunga haraka kama mtu anayefunga mlango wa choo chenye mtu. Ukurasa haukuwa na kazi. Alichokitaka ni picha. Akili ikamrudia: kama kurasa zinatafuta kabati liitwalo PICHA kwenye C, basi kabati litengenezwe hapa hapa, picha ziingizwe, na ukurasa wa Nasinkoi utazikuta.

Akatengeneza kabati. Akaanza kunakili. Disketi ikasaga, taratibu, kama mzee mwenye meno mawili anayetafuna hindi la kuchoma.

"Madam," Sufiani alinong'ona tena, na safari hii sauti haikuwa na utani. "Ile ya kwanza. Dume la mwenyekiti. Niliigusa kidogo."

"Uliigusa vipi?"

"Nililivalisha kofia. Kwa ile programu ya kuchorea."

"Kofia gani?"

Sufiani akatazama kichwa cha Mkurugenzi, akarudisha macho chini.

"Na ile picha ya asili?"

"Nilihifadhi juu yake."

Nje jenereta ilibadili sauti, ikashuka, ikapanda tena. Muhidini alichungulia mlangoni.

"Dakika ishirini," alisema. "Labda na tano."

Yuditha alipiga hesabu ambayo haikufundishwa Moshi. Akiiondoa picha ya kwanza, madume matano yatatokea, na la mwenyekiti litabaki kisanduku cheupe chenye alama nyekundu, limekufa mbele ya wenzake. Akiiacha, mwenye chuo atajiona kwenye kioo akiwa na pembe. Alimtazama Mzee Lomayani, aliyekuwa bado amesimama, fimbo mkononi, akisubiri kuambiwa habari za mnyama wake. Kisha akamtazama Mzee Kasmiri, aliyekuwa akisubiri kuagana vizuri.

Akageuza kioo kuwaelekea wazee, akarudisha disketi ya Nasinkoi, akafungua ukurasa wake.

Picha zikaja moja moja, kutoka juu kwenda chini, kama pazia linaloshushwa. La pili likaja, la tatu, la sita. Benchi likaamka. Wazee wakaanza kuitana, kila mmoja akionyesha lake. La kwanza lilikuwa zito kuliko mengine, likaja mwisho. Kwanza kofia. Ya pama, rangi ya majani makavu, ukingo umekunjwa upande wa kushoto. Chini ya kofia yakaja macho, yametulia sana, macho ya mtu aliyekaa ofisini miaka mingi. Halafu nundu, halafu dume zima.

Benchi likaganda kama bweni mwalimu wa zamu anapowasha tochi.

Mzee Kasmiri alitazama kioo. Mkono wake ulipanda wenyewe mpaka kichwani, ukagusa ukingo uliokunjwa upande wa kushoto, ukashuka.

"Mwalimu," alisema polepole. "Hiki ni nini?"

Kabla Yuditha hajafungua mdomo, Mzee Lomayani alishaanza kuongea. Aliongea kwa muda mrefu. Nasinkoi akatafsiri.

"Anasema hilo ni dume lake. Nundu ni yake, pembe ni zake, hata mbavu. Ila anauliza nani amelifunika kichwa, na kwa ruhusa ya nani."

Yuditha alihisi Sufiani akijivuta nyuma, halafu akajivuta mbele.

"Ni mimi, mzee," alisema Sufiani. "Nilikuwa natania watu wengine. Dume lako halikuwa na kosa."

"Wewe mtoto wa Mkata!" Muhidini alifoka kutoka mlangoni. "Wenzako wanapalilia mihogo, wewe unavalisha ng'ombe!"

Mzee mmoja wa benchini akacheka kwa pua. Mwingine akamtazama Mzee Kasmiri, akatazama kioo, akamtazama tena, akafunika mdomo kwa shuka. Mzee Lomayani hakucheka. Alisema neno moja.

"Anasema mvueni," alitafsiri Nasinkoi.

Kuvua kofia halisi ni kuvua. Kuvua kofia iliyochorwa ni kazi nyingine, kwa maana chini yake hapakuwa na kitu. Kichwa cha dume, kuanzia juu ya macho, kilikuwa kimefutika siku kofia ilipohifadhiwa. Yuditha alieleza hivyo, wazi, akimtazama mzee machoni. "Hatuna tena kichwa chake, mzee. Tutakichora upya. Lakini sisi hatukijui vizuri. Wewe unakijua."

Nasinkoi alitafsiri. Mzee Lomayani akavuta kiti cha Muhidini, akakaa mbele ya kompyuta.

Yuditha alimpa Sufiani kipanya. "Chora. Mzee atakuambia. Usitie chako."

Wakaanza. Sufiani alichota rangi ya kahawia kutoka shingoni mwa dume, akafunika kofia yote, dume likabaki na kichwa cha jiwe. Mzee akasema baka jeupe linaanzia juu ya jicho la kulia, linapanda, halinyooki. Sufiani akaweka baka. Mzee akatikisa kichwa: limenyooka. Akaweka tena. Mzee wa benchini akasema baka hilo linalalia kushoto. Mzee Lomayani akajibu bila kugeuka kwamba linalolalia kushoto ni la mama wa dume hilo, na kwamba huyu bwana amechanganya ng'ombe tangu ujana. Benchi zima likasogea. Sasa walikuwa tisa mbele ya kompyuta, wakibishana kwa Kimaasai, Nasinkoi akitafsiri mbio mbio mpaka akaanza kusahau kutafsiri na kubishana mwenyewe. Fimbo ikapita juu ya bega la Sufiani kuonyesha sikio lenye mkato mara mbili.

"Kioo, mzee, kioo!" Muhidini alipiga kelele. "Hicho si changu, ni cha mradi!"

Sufiani, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akifanya jambo moja kwa dakika kumi, alikuwa ametoa ulimi nje kwa umakini. Alichora nukta kwa nukta. Kila alipokosea, wazee tisa walimwambia.

Nje jenereta ilishuka, ikapanda, ikashuka. Taa ya chumba ikapepesa.

"Hifadhi," alisema Yuditha.

"Sikio la kushoto bado, Madam."

"Hifadhi, Sufiani! Kwenye disketi!"

Alibofya. Kataa kadogo ka kijani kwenye mashine kakawaka, disketi ikaanza kusaga. Chumba kizima kikakatazama kale kataa. Mzee Kasmiri naye akajikuta akikatazama. Kakawaka, kakazima, kakawaka tena. Kakazima na hakakuwaka. Yuditha akavuta disketi nje, na alikuwa bado anayo mkononi wakati jenereta ilipotoa mlio mmoja wa kwikwi na kunyamaza. Kioo kikawa cheusi. Sauti za ndama zikasikika kutoka mbali.

Mzee Lomayani aliuliza swali, kwa Kiswahili safari hii, ili asipotee mtu.

"Sasa huyo wa Dar ameshaliona?"

Mzee Kasmiri akakohoa. "Mzee wangu, mtandao ni kitu cha..."

"Nimemwuliza mwalimu."

Yuditha alijua jibu linalotakiwa. Alijua pia kwamba mbele yake ameketi mtu aliyetumia robo saa nzima kumrekebishia baka moja.

"Bado, mzee. Ukurasa huu haujatoka ndani ya disketi hii. Ili utoke inahitajika laini ya simu, na chuo hakina." Akavuta pumzi. "Na mimi mwenyewe mtandao sijawahi kuuona. Niliwafundisha hawa kama vile kompyuta zetu ndizo zote zilizopo. Ndiyo maana picha zilikataa. Kosa halikuwa la mashine."

Hakumtazama Mkurugenzi. Alimsikia tu, kiatu kimoja kikisugua sakafu.

Wazee wakateta kwa sauti ya chini. Mwishowe Mzee Lomayani akaweka fimbo wima.

"Hatuhamishi mifugo kwenda malisho ambayo hajatangulia mtu kuyaona," alisema. "Aende huyu. Akaone, arudi atuambie majani yakoje. Hatujakataa." Akamgeukia Mzee Kasmiri kwa upole mkubwa. "Wewe ndiye utakayemtuma, au tutafute mwingine?"

Macho tisa mara mbili yakamkalia Mkurugenzi. Alikuwa na maneno mengi kifuani, na mengi yake hayakufaa kusemwa mbele ya wateja.

"Mwalimu," alisema, "mizigo kwenye gari. Tunaondoka." Akatoka.

Yuditha akaanza kukusanya disketi. Hakujua kama ana kazi au hana. Mzee aliyechanganya ng'ombe akamshika Nasinkoi kiwiko. Dume lake ni la nne, alisema. Kwenye picha pembe ya kulia inaonekana imevunjika, na haijavunjika, ni kivuli. Mwingine akasema lake limepigwa picha likiwa na njaa. Wa tatu akataka la kwake lisogezwe mbali na la jirani, kwa sababu hayapatani.

"Ngojeni, ngojeni," alisema Yuditha. "Mmoja mmoja. Sufiani, andika."

Sufiani alichukua kaunta buku la Nasinkoi, akakaa sakafuni, akaanza kuandika. Mzee Lomayani akaanza upya na sikio la kushoto.

Nje pikapu likawaka. Honi ikalia mara moja, kwa adabu. Yuditha alitazama mlango, akatazama wazee, akabaki alipo. Honi ikalia mara ya pili, ndefu. Hakuna aliyeinuka, pembe ya dume la nne ilikuwa bado haijanyooka. Honi ya tatu ilikatika katikati.

Kisha injini ikazimwa, na Mzee Kasmiri akasikika akimwuliza Muhidini kama kuna chai.